Dada, temu ya kwanza ulipata ngapi?

Mwaka jana mwezi wa nane tulialikwa watu wanne kurudi shule tuliyosomea kidato cha tano na cha sita, tukaongee na vijana wa cha tano ambao ndo kwanza walikuwa na wiki kama sita pale, wengine hata magodoro yao yalikuwa bado na nailoni. Tukakalishwa mbele ya bwalo kwenye meza iliyotandikwa kitenge, nyuma yetu jikoni maharage yanachemka, mbele yetu vijana zaidi ya mia mbili wamebanana kwenye mabenchi na madaftari magotini. Wa kwanza kuongea alikuwa kaka mmoja injinia aliyemaliza na wani ya 4, yaani divisheni ya kwanza kwa pointi 4, akawaambia miaka yote miwili alikuwa analala masaa matatu tu, kwamba ukitaka kutoboa hapa usingizi uuache kwenu. Makofi yakapigwa mpaka mabati yakaitikia. Wa pili akasema nidhamu na kumtanguliza Mungu, makofi, wa tatu akasema chagueni marafiki wazuri na msijiingize kwenye mapenzi, makofi tena. Ikafika zamu yangu na mimi nikasema yaleyale, komaeni, inawezekana, mimi mnayeniona hapa nilikaa kwenye benchi hilohilo, leo ni mfamasia.

Afu wakaruhusiwa maswali. Binti mmoja wa PCB, yaani fizikia, kemia na bayolojia, kutoka benchi la nyuma kabisa, akasimama akasema shikamoo dada, naomba kuuliza, temu ya kwanza hapa kemia ulipata ngapi?

Bwalo likanyamaza. Nilikuwa nimepata 19. Kumi na tisa kwa mia, mtihani wa mwisho wa muhula, Novemba 2015, na ile ripoti nilimuonyesha mama tu. Nikamjibu hivyohivyo, nilipata 19. Na hapo ndo kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaona watoto wanafungua kalamu, mmoja akauliza fizikia je, mwingine akauliza ulifanyaje likizo ile ya Desemba, mwingine akataka kujua ni mwezi gani hasa ulianza kuona unaelewa. Maswali yakatoka mfululizo kama walikuwa wameyabeba tangu siku ya kuripoti.

Tangu siku ile nimekuwa nalifikiria sana hili jambo la sisi tuliomaliza kwenda kuwashauri wadogo zetu, maana tunalifanya kwa moyo na shule zinatupokea vizuri ila naamini tunawapa kitu ambacho hakiwasaidii. Tunawasimulia mwisho. Mtoto wa cha tano hana shida ya kujua kwamba inawezekana, angekuwa haamini asingepanda basi kutoka Songea na ndoo na godoro kichwani. Anachotaka kujua ni pale katikati palikuwaje, wiki ya nane, mwezi wa tano, siku ulipopewa pepa yako ya kwanza ya advansi, yaani kidato cha tano na sita, na ukadhani wamekosea jina.

Tuanze na alama zenyewe maana hapa ndo wengi wanavunjika moyo na hakuna anayewakalisha chini awaeleze. Kidato cha nne, kwa viwango vya NECTA, baraza la mitihani, vinavyotumika saivi, C ni 45 mpaka 64 na A inaanzia 75. Kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, afu kuna S ya 35 mpaka 39, chini ya hapo ni F. Sasa chukua mtoto aliyekuwa anapata 48 ya fizikia huko cha nne, ana C yake, nyumbani wanamsifia, mtaani anaitwa kipanga, kachaguliwa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Mtoto yuleyule na 48 yake ileile huku advansi ana E. Na aliyekuwa na 33, ambayo kule ni D na amefaulu, huku ni F. Akili haijapungua hata kidogo, kasogezewa ngazi juu, na juu ya hiyo ngazi topiki zenyewe zimekuwa nzito kuliko alivyozoea. Asipoambiwa hivi atakaa na ile ripoti ya Desemba ajiambie mimi sio mtu wa sayansi, aende ofisini kuomba kubadilisha kombi, yaani yale masomo matatu anayosoma, na nimeona watu wamehama PCB kwenda CBG, kemia, bayolojia na jiografia, kwa sababu ya mtihani mmoja wa temu ya kwanza, na kule walikohama wakakuta ngazi ni ileile.

Kingine ni kwamba cha nne unahesabiwa masomo saba uliyofanya vizuri kuliko mengine, kwahiyo kama hesabu imekukataa unaiacha izame peke yake na unatoka na wani yako ya 15 bila mtu kujua. Cha sita ni masomo matatu ya kombi basi, na yote yanahesabiwa. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, wani inaishia pointi 9 na tuu inaishia 12. C tatu ni wani, D tatu ni tuu, na somo moja ulilolikimbia linakuburuza vibaya. Mtu mwenye A mbili na F moja ana pointi 9, sawasawa na mwenye C tatu. Mimi nilikuwa nakimbia fizikia, kila nikikaa prepo ya kujisomea jioni naanza na bayolojia kwa sababu ndo tamu, masaa mawili yanaisha, fizikia inabaki kwenye begi, na nilikuwa najiona nasoma sana. Na kweli nilikuwa nasoma sana, ila somo ninalolijua tayari.

Halafu muda. Mtu anaripoti Julai, NECTA inaanza Mei, sio Mei inayokuja ila ile ya baada yake, ni kama miezi 22 ukiihesabu yote. Toa likizo, toa wiki za mwanzo za kuzoea na kusubiri waliochelewa, toa wiki za moku, ile mitihani ya majaribio, na masahihisho yake, unabaki na muda ambao ukiuona umeandikwa kwenye karatasi unashtuka. Sisi tulioko nje tunaongea kama ni miaka miwili kamili.

Nirudi kwa yule kaka wa masaa matatu, na simwiti muongo, naamini kabisa alikuwa halali. Ila na mimi temu ile ya 19 nilikuwa silali. Tulikuwa tunaamka saa nane usiku na tochi, tunajifunika shuka ili matroni asione mwanga, tunapiga msuli mpaka kengele ya asubuhi, afu vipindi viwili vya mwanzo ambavyo ndo fizikia na kemia nimekaa macho wazi nanakili ubaoni kama mashine, hakuna kinachoingia. Yaani usiku nilikuwa nasoma peke yangu kwa shida kile ambacho asubuhi mwalimu alikuwa anakieleza bure na mimi sipo. Temu ya pili nikaacha, nikawa nalala saa tano naamka saa kumi na moja. Sidai kwamba hayo masaa ndo yalinipandisha, yapo mengine niliyobadilisha nitayasema, ila angalia ushauri wa usingizi unavyozaliwa. Shule inaalika waliopata wani. Mmoja wao akisema alikuwa analala masaa matatu tunaamini ndo yaliyompa ile wani. Bwenini kwetu waliokuwa hawalali walikuwa kama kumi na tano, wachache wakapata wani, wengi wakapata tuu na thrii, wawili fo, na hao hawaitwi bwaloni Jumamosi kuja kusema kwamba na wao walikesha.

Ndo maana naona shule zinakosea kuita wenye wani peke yao. Mtu aliyenifundisha zaidi kuhusu kusoma ni rafiki yangu tuliyelala dabodeka moja, yeye juu mimi chini, aliyepata thrii ya 14. Alikuwa na daftari safi kuliko wote, hakosi kipindi, hakosi diskasheni hata moja. Miaka ya baadaye tukiwa tunakula chips pale Dodoma nikamuuliza hivi wewe ilikuwaje, akafikiria kidogo akasema, mwenzangu mimi diskasheni nilikuwa naitikia tu.

Nikaielewa palepale maana niliiona kwa macho yangu kwa miaka miwili. Kundi letu lilikuwa watu sita, wawili wanaelezea na wanne wanatikisa vichwa. Mtu akiwa anakuelezea unaelewa kweli, haujidanganyi, hatua zinafuatana, unasema eeh, hapo sawa, endelea. Ukibaki mwenyewe na karatasi nyeupe hakuna cha kukuvuta kutoka hatua ya kwanza kwenda ya pili. Wale wawili waliokuwa wanaelezea ndo walipata A, na watu wakasema walikuwa vipanga tangu zamani, inawezekana, ila pia kila jioni walikuwa wanafanya mtihani mbele ya watu wanne bila kujua, wakikwama wanakwama hadharani, wanarudi kwenye kitabu, kesho wanaeleza upya. Sisi wengine tulikuwa watazamaji. Kuanzia cha tano temu ya pili kundi letu tukabadilisha utaratibu, asiyejua topiki ndo anashika chaki, anaelezea akikosea wenzake wanamsimamisha, na mara ya kwanza niliposimama mimi kueleza umeme tuli nilikwama kwenye mstari wa pili, nikasimama pale dakika nzima na chaki mkononi, mpaka leo nakumbuka jasho la mgongoni. Ila hiyo topiki sikuisahau tena, na rafiki yangu alikataa kushika chaki, alikuwa anaona aibu, tukamuacha kwa sababu tulimpenda. Hilo linaniuma. Kama ni ushauri, hilo la kuwasukuma washike chaki hata kama wanaona haya ningelisema kwa nguvu kuliko la usingizi.

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa tunalisahau tukishavaa suti. Aliyenifundisha fizikia nusu ya kidato cha tano hakuwa mwalimu. Mwalimu wa fizikia alihamishwa mwezi wa pili na shule ikakaa bila mwalimu mpaka wa kujitolea alipopatikana, na katikati hapo kaka mmoja wa kidato cha sita alikuwa anakuja darasani kwetu saa mbili usiku, kandambili miguuni, anaandika ubaoni, anasema hapa mtakosea, mimi nilikosea hapahapa mwaka jana, angalieni. Yeye alikuwa hajafanya hata NECTA. Ila alikuwa ameachana na sisi mwaka mmoja tu, alikumbuka ni neno gani kwenye lile swali lilimchanganya. Mimi saivi nikiulizwa mwendo wa duara nitaeleza vizuri zaidi yake, ila sikumbuki tena kilichokuwa kigumu, na mtu asiyekumbuka ugumu ulikuwa wapi anaishia kusema ni rahisi, soma tu. Kwahiyo kama shule ina nafasi ya kuwakutanisha wadogo na mtu mmoja, imlete wa cha sita wa palepale kabla ya kutafuta mbunge au meneja wa benki.

Praktiko niizungumzie taratibu kwa sababu huko ndo tulipoteza alama za bure. Shuleni kwetu maabara ilikuwepo, bureti, ile mirija ya vioo yenye vipimo na koki chini, zilikuwepo, ila tulikuwa tunaziona kwenye kabati la vioo, tukazishika kwa mkono wetu kama wiki tatu tu kabla ya pepa. Taitresheni yangu ya kwanza, ile ya kudondosha kimiminika mpaka rangi ibadilike, nilifungua koki yote, rangi ikapita palepale, waridi iliyokolea, na mtaalamu wa maabara akaniambia polepole binti, tone kwa tone, mkono wa kushoto unashika koki wa kulia unazungusha chupa, na karatasi nyeupe weka chini ili uone rangi inavyobadilika. Nilipopata vizuri nikaandika kwenye jedwali 24.5. Akanifutia. Akasema bureti inasomwa nukta mbili, andika 24.50, hiyo sifuri ina alama. Nilikuwa nimesoma kemia zaidi ya miaka mitano na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sifuri ina alama. Afu macho yawe sawa na mpindo wa chini wa kimiminika, usisome ukiwa umesimama juu, na ile ya kwanza ni ya majaribio tu, haiingii kwenye wastani. Hivi vitu vitatu vinaelezwa kwa dakika tano, na mhitimu yeyote wa sayansi anaweza kuvieleza vizuri kuliko hotuba ya ndoto kubwa.

Na wa sanaa wasidhani hayawahusu, kwao sifuri yenye alama ni kulisoma swali. NECTA kila baada ya mtihani wanatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, iko kwenye tovuti yao bure kabisa, inaonyesha kila swali watu walifanyaje, walikosea nini, na mara nyingi wanaweka mpaka picha ya jibu zuri na jibu baya la mtahiniwa, mwandiko wake na vyote. Mimi niliijua nikiwa chuo mwaka wa pili. Mwaka wa pili! Ukizisoma chache mfululizo, iwe historia, jiografia au bayolojia, unaona sababu ni zilezile zinarudi, hawakuelewa swali linataka nini, maarifa ya topiki hayatoshi, kiingereza kimewaangusha. Swali linasema linganisha, mtu anaelezea kimoja anamaliza anaelezea cha pili, hakuna mahali kavigusanisha. Swali linasema toa sababu, mtu anaorodhesha sifa. Ameandika kurasa tatu za ukweli mtupu na anapata alama mbili, anatoka nje anawaambia wenzake pepa ilikuwa nyepesi.

Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, kwahiyo kusema nendeni mkaitafute kwenye intaneti ni kuwaambia kitu wasichoweza kufanya mpaka likizo, na wengine hata likizo simu hakuna. Sisi tulioalikwa tulikuwa tumekuja na soda na keki. Kwa hela ya ile keki tungeprinti taarifa za miaka mitatu za masomo yote ya PCB na tukawaachia maktaba. Nimeshaanza kufanya hivyo, naprinti stesheneri ya mtaani kwangu kwa shilingi 100 ukurasa, nabana na waya, na mwalimu wa taaluma ananiambia zinachanika kwa kusomwa.

Sasa ushauri unaochacha. Sisi wenyewe tunabeba vitu vilivyopitwa na wakati bila kujua. Mimi matokeo yangu ya cha nne ya 2014 hayakuandikwa divisheni, ulikuwa ule wakati wa GPA, wastani wa pointi, tulikuwa na Distinction, Merit na Credit, na nilikuwa nimeshaingia cha tano serikali iliporudisha divisheni mwanzoni mwa 2016. Waliotangulia mwaka mmoja tu walikuwa wanatupa hesabu ambazo hazituhusu. Mwaka 2024 tahasusi, yaani hizo kombi, zikaongezwa, kutoka zile 16 tulizozoea mpaka 65, na mitaala yenyewe imeboreshwa tangu 2023. Kwahiyo mhitimu wa 2010 akisimama akasema kombi yenye ajira ni hizi tatu, au GS, lile somo la maarifa ya jumla, isomeni usiku wa mwisho tu, anaongelea shule ambayo haipo tena. Sisi GS ilikuwa haiingii kwenye zile pointi za divisheni na watu waliidharau kwa sababu hiyo, BAM, ile hesabu ya msingi, pia, na baadaye kuna walioomba kozi za chuo zinazotaka hesabu na wakabanwa na hiyohiyo BAM waliyoichezea. Mshauri mkweli angesema kwetu ilikuwa hivi, nyie muulizeni mwalimu wa taaluma saivi ikoje.

Hilo la chuo nalo tunaliacha mpaka wakati wamemaliza, wakati wangelijua cha tano lingebadilisha wanavyosoma. Watoto wanaamini divisheni ndo inaingiza chuo. TCU, tume ya vyuo vikuu, hawaangalii hivyo. Kigezo chao cha chini kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa prinsipo mbili, yaani A mpaka E, kwenye masomo ambayo kozi inayataka, na zikijumlishwa zifike angalau pointi 4, na huko pointi zinageuzwa, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Fikiria mtu mwenye A moja na S mbili, kwa NECTA ana pointi 13. Na mwenzake ana D mbili na S moja, ana 14, yuko nyuma yake. Ila mwenye 13 ana prinsipo moja tu, mlango wa digrii umefungwa, na mwenye 14 ana D mbili, 2 na 2 ni 4, hicho kigezo cha chini amefikia. Kozi nyingi zinataka zaidi ya hapo, udaktari ni habari nyingine kabisa, na kitabu cha mwongozo cha TCU hutoka kila mwaka na kila kozi imeandikwa inataka nini. Mtoto akilijua hili akiwa cha tano hawezi kukaa anang'arisha somo moja analolipenda afu mengine mawili anayaachia kudra. Mimi ningelijua mapema nisingekimbia fizikia miezi mitano.

Hela sitaongea sana. Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 na hilo limewaokoa wengi, ila nauli ipo, godoro lipo, rimu zipo, na kalkuleta ya sayansi ipo. Kwenye ile ziara yetu niliona madawati mawili ya PCM wanapokezana kalkuleta moja wakati wa zoezi, mmoja anasubiri mwenzake amalize sin na cos ndo aanze. Wahitimu tukitaka kuwasaidia hao kufaulu kalkuleta kumi zinafika mbali.

Baada ya maswali bwaloni watu walisambaa kupiga picha, na yule binti aliyeniuliza akanifuata na karatasi imekunjwa mara nne. Testi ya kemia ya wiki hiyo, 31. Akaniambia dada mwalimu amesema nijiangalie. Tukakaa kwenye ngazi za bwalo, nikamuomba kalamu nyekundu, tukaanza kuhesabu zile 69 zilizopotea, moja moja, kila alama imeenda wapi. Alama 16 zilienda kwenye maswali yaliyotaka sababu na yeye alitaja vitu tu bila kueleza. Alama 12 zilienda kwenye hesabu alizopata jibu ila hakuonyesha hatua, nyingine hakuweka vizio. Alama 30 zote zilikuwa za topiki ya gesi, nikamuuliza mbona hapa hujaandika hata neno, akasema hiyo walifundisha kabla sijafika, yeye aliripoti wiki tatu baada ya wenzake kwa sababu nyumbani walikuwa wanatafuta nauli. Zikabaki 11 ambazo alifundishwa, akasoma, na hakujua kweli.

Akaiangalia ile 11 muda mrefu, akaizungushia duara.

Kwahiyo dada, nisichokijua ni hii tu?

Nikamwambia hiyo, na gesi. Gesi hujaikosa, hujafundishwa. Nani darasani kwenu ana notsi za zile wiki tatu? Akamtaja kijana mmoja wa benchi la mbele. Kengele ya chakula ikagongwa, foleni ikaanza kujipanga na sahani, yeye akakunja ile karatasi mara nne tena, akaiweka mfukoni, akaipita foleni akaenda kumtafuta mwenye notsi.